Nina miaka 53, naolewa, na nataka mashoga zangu waingie nami ukumbini

Assalaam aleikum, Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 53, mzaliwa wa Kibokoni, sasa nakaa Tudor. Kazi yangu ni upishi: nachukua oda za harusi, hitima na maulidi. Pilau ya watu mia tatu hainitishi hata kidogo, lakini harusi yangu mwenyewe imenikosesha usingizi.

Niliolewa mara ya kwanza nikiwa na miaka 19, na binamu yangu. Sikulazimishwa, ila pia hakuna aliyeniuliza sana. Mama na ndugu zake walipanga kila jambo, kuanzia rangi ya nguo mpaka nani akae wapi. Usiku wa kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi, nilikalishwa kitini, macho chini kama nilivyousiwa, nikasikia ngoma ya vugo na vigelegele bila kuona nani anacheza. Mashoga zangu niliosoma nao chuo cha Kurani walikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni pamoja na watoto, kwa kuwa walikuwa hawajaolewa.

Ndoa ile ilidumu miaka kumi na minne, ikaisha kwa talaka. Nikarudi kwetu na watoto wawili. Sitaki kusimulia mengi. Itoshe kusema kuwa biashara yangu ilianza na sufuria ambazo si zangu. Wanne kati ya mashoga wale walinichangia. Mmoja alileta sufuria, mmoja jiko, mmoja gunia la mchele, na mwengine akawa anawapokea watoto shule mimi nikiwa jikoni. Mpaka leo tuko watano na tuna chama chetu, kila mwezi mmoja wetu anapokea. Wote wameshaolewa zamani, na mmoja ni bibi wa wajukuu.

Sasa nimeposwa. Ni mtu wa miaka 60, mstaafu wa bandarini, alifiwa na mkewe, ana watoto wakubwa. Alipitia kwa kaka yangu kwa heshima zote. Anataka nikaha iwe Shaabani hii. Aliniambia hataki kufuturu peke yake Ramadhani nyingine. Nimekubali, na moyo wangu umetulia kwake.

Ninachotaka ni hiki. Baada ya nikaha tufanye kupamba kwa wanawake, ukumbi mdogo tu, na mimi niingie na mashoga zangu wanne wakiwa wapambe wangu: wawili mbele, wawili nyuma, wote wamevaa kitambaa kimoja. Kitambaa nimeshakiona Biashara Street, rangi ya zumaridi. Kila mmoja atajishonea mtindo aupendao.

Nilipomwambia binti yangu, alicheka, kisha akakasirika. Ana miaka 30, ndiye anayeniwekea hesabu za biashara na huwa tunaelewana. Akasema, "Mama, hao ni nyanya za watu. Wapambe huwa wasichana. Mtaonekana mwaigiza." Nilipomjibu kuwa ni harusi yangu, akasema, "Basi mimi siji kukaa pale watu wanitazame." Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Yeye mwenyewe posa yake ilivunjika mwaka jana, lakini hilo halihusiani na haya.

Kaka yangu, ambaye ndiye walii wangu kwa kuwa baba ameshatangulia, hakukasirika. Alisema tu, "Mtu mzima huozwa msikitini, watu wakala pilau, wakaenda zao." Mkewe akaangua kicheko.

Kisha kuna shoga yangu yule aliyekuwa akinipokelea watoto. Amefiwa na mumewe katikati ya Mfungo Nane, mwezi wa nne kabla ya Ramadhani, na eda yake itakwisha kumi la mwisho la Ramadhani. Nilipokwenda kumwambia tarehe, nilitaka kulia. Yeye akatabasamu, akasema, "Nyinyi endeleeni. Mimi mtanionyesha picha." Alisema kwa uso mkunjufu, kwa hivyo naamini hana neno. Yule wa Likoni naye nilipomwonyesha kitambaa alinyamaza kidogo, akasema, "Mradi wewe umefurahi." Mwalimu wetu wa Kisauni na yule mwenye wajukuu wamekubali papo hapo.

Je, ni kweli kwamba kwa umri wangu haya ni kujitia aibu? Niache wapambe ili binti yangu aje? Niahirishe harusi ili shoga yangu atoke eda? Au niendelee na hao waliobaki? Nishauri.

Mpishi, Mombasa

*

Aleikum salaam, dadangu, na hongera. Naanza na hongera kwa sababu nimeisoma barua yako mara mbili, sikuona mahali ulipoandika kuwa kuna mtu aliyekupa. Mwenyezi Mungu aijaalie kheri.

Nikikuelewa vizuri, suala la kuolewa umeshalimaliza mwenyewe. Shida yako ni namna ya kuingia ukumbini: na nani, wakivaa nini, na nani atabaki nje kwa sababu hiyo. Umeniwekea maswali manne mwishoni kana kwamba yana uzito mmoja. Mimi naona moja ni jepesi, mengine ni mazito, na kuna moja hukuliuliza kabisa.

Tulimalize jepesi, ingawa ndilo linalopigiwa kelele. Binti yako anasema wapambe huwa wasichana. Kwa harusi za leo ni kweli. Lakini ile safu ya wasichana wa nguo moja wanaomtangulia bibi harusi kwa hatua za kufanyiwa mazoezi imeingia kwenye kumbi zetu juzi juzi tu, ikitoka kwenye harusi za kanisani na kwenye kanda za video. Kwa mila ya Mji wa Kale, mwanamke aliyekuwa karibu zaidi na bibi harusi alikuwa somo wake, mtu mzima mwenye kuijua ndoa, na wari, wasichana wasioolewa, ndio waliofichwa. Wewe mwenyewe umeeleza jinsi mashoga zako walivyowekwa nyuma na watoto kwa kuwa hawajaolewa. Kama tungeshika ukongwe wa mila, basi hao wanne wamestahili kuwa mbele kuliko wasichana.

Na sare? Kabla ya Uhuru, Mombasa ilikuwa na vyama vya wanawake vya ngoma ya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa nyimbo, kwa karamu na kwa mavazi. Wacheza lelemama walijipanga safu moja wakiwa wamevaa sawasawa, na walikuwa wanawake walioolewa, si wanafunzi. Ulizia katika ukoo wenu. Sitashangaa ukiambiwa kuna nyanya yako aliyekuwa humo. Bi Khadija, mke wa Mtume aliyeolewa naye akiwa mtu mzima, sitakutajia, najua umeshatajiwa.

Hata hivyo, usiende na historia hii kwa binti yako ukidhani umemshinda. Yeye haishi na wanawake wa lelemama, anaishi na wenzake wa miaka thelathini na simu zao. Anaposema mtaonekana mnaigiza, anajua ni nani hasa watakaoona na watasema nini. Hofu hiyo ina dawa kiasi: kupamba kwetu mara nyingi simu huzuiliwa au hukusanywa mlangoni, na unaweza kulisimamia hilo kwa ukali. Ila sidhani kama simu ndiyo iliyomkasirisha.

Kaka yako nampitia haraka, maana hajakukataza, amekwambia tu anavyoona. Nikaha ina mambo yake: walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, yaani kuozesha na kukubali. Wapambe hawamo, kwa hiyo kuwepo kwao au kutokuwepo hakuigusi ndoa, mradi hafla ni ya wanawake na stara ipo. Lipo jambo moja ambalo kaka yako, kwa kuwa ni walii, analijua. Katika madhehebu ya Shafii tunayofuata wengi wa pwani, kimya cha mwari anayeozwa kwa mara ya kwanza huhesabiwa ridhaa. Mwanamke aliyewahi kuolewa hatoshelezwi na kimya. Ni lazima atamke mwenyewe kwamba ameridhia. Ulipokuwa na miaka 19 ulikaa macho chini na haikudhuru kitu. Safari hii dini yenyewe inakutaka useme. Naona kama umeanza kusema, ukasema na mambo ambayo watu hawakuyatarajia, na huenda ndiyo maana wifi yako akacheka.

Lakini jiulize pia kaka anaogopa nini. Labda gharama, ikiwa anadhani ataombwa achangie. Labda ni uso wake mbele ya jamaa wa bwana. Muulize hayo peke yake, bila mkewe kuwepo. Ni yeye atakayekuozesha, na ni vibaya kufika siku hiyo mkiwa mmenuniana kwa ajili ya kuingia ukumbini.

Sasa binti yako. Umeandika kwamba posa yake ilivunjika mwaka jana, halafu ukaongeza kuwa hilo halihusiani na haya. Kama kweli halihusiani, kwa nini lilikujia ukiwa unaandika? Rudi pia kwenye maneno yake. Alianza na nyanya za watu na kuigiza, lakini alipobanwa akasema hataki kukaa pale watu wamtazame yeye. Hakusema wewe. Unazijua kumbi hizo kuliko mimi, kwa kuwa unazilisha. Wanawake wakishakula, sambusa ya mwisho ikiwa bado mkononi, humgeukia msichana aliye karibu: "Na wewe lini, mwanangu?" Katika harusi ya mtu baki anaweza kutabasamu na kuhama meza. Katika harusi ya mama yake atahamia wapi? Kila atakayempongeza atamtia na hilo. Na posa ile ilipovunjika, wengine kati ya wanawake hao hao walikuwa wamepokea habari ya tarehe.

Huenda nimekosea. Huenda ni jambo la baba yake. Mlipoachana alikuwa mtoto wa kujua mambo, na watoto wa talaka wengine hubaki na tumaini dogo wasilolitaja hata wakiwa na miaka thelathini. Au huenda kweli anaona zumaridi na wanawake wa makamo ni jambo la kuchekesha, basi. Mimi siko jikoni kwenu. Ninachoweza kukwambia ni kwamba mpaka sasa mmezungumza juu ya nguo, na nguo ni mahali rahisi pa kugombania.

Zipo njia kadhaa. Ya kwanza ndiyo uliyoniuliza: uache wapambe ili aje. Inaweza kuleta amani upesi, na huenda ukaona amani hiyo inatosha. Hatari yake ni kwamba atakuja, wewe utaingia peke yako tena, na siku moja mkigombana juu ya jambo jengine kabisa utalitoa: "Mimi nilikuachia hata harusi yangu." Ya pili ni kumwomba awe mpambe wa tano. Wengi watakushauri hivyo kwa nia njema. Tahadhari nayo, kwa sababu atakuwa ndiye msichana pekee katika safu ya watu wazima, na macho aliyoyakimbia yatamkuta yote. Ya tatu ni kumpa kazi anayoiweza, kama kushika mlango na orodha ya wageni, mahali ambapo mtu ana shughuli na haulizwi maswali. Hiyo huwafaa watu wengi, ila kumpa kazi mtu mwenye uchungu kabla hujamsikiliza anaweza kuiona kuwa umemnyamazisha.

Na kuna kumruhusu asije kupamba. Aje nikaha, ale nawe, akuone ukipakwa hina na piko, kisha usiku wa ukumbi akae kwake bila kulaumiwa. Litakuuma, najua. Nalitaja kwa sababu anaweza akaja mwenyewe akijua hakulazimishwa, au asije na msipoteane. Hapa unajua wewe namna alivyo.

Lolote utakalochagua, ningependa umsikilize kwanza, siku ambayo harusi haitajwi. Mnakaa pamoja na vitabu vya hesabu. Pale mkiwa na risiti mbele yenu mtu husema mambo ambayo hasemi akiitwa chumbani. Muulize kuhusu mwaka wake wa jana. Ulimuuliza lini mara ya mwisho?

Nije kwa shoga yako aliyefiwa, na hapa nataka nitulie, kwa kuwa umeandika kwamba alisema kwa uso mkunjufu na kwa hivyo unaamini hana neno. Dadangu, mwanamke aliye edani akiambiwa na rafiki yake wa utotoni kwamba anaolewa Shaabani, ana jibu gani jengine? Miezi minne na siku kumi ameweka kando mapambo, manukato, hina na nguo za kung'ara, anatoka kwa dharura tu. Hawezi kusema "ningojeeni." Hawezi kusema "msinitaje." Amebakiwa na tabasamu na lile neno la picha. Sikatai kuwa huenda anakufurahia kwa dhati. Mtu anaweza kukufurahia na ikamkata, yote mawili kwa pamoja.

Umeniuliza kama uahirishe. Kwa kuhesabu tu inawezekana: eda yake inakwisha kumi la mwisho, na Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ni mwezi wa harusi. Lakini angalia mambo matatu. La kwanza ni bwana wako na futari yake. Kwa mtu aliyefiwa hilo si neno dogo, na kumwambia asubiri kwa sababu ya rafiki yako mjane, huku naye ni mjane, kunahitaji uchague maneno. La pili ni kazi yako. Mfungo Mosi kila mtu anaoza, kumbi hazipatikani, na wewe utakuwa na oda mpaka kooni. Sijui nani atampikia mpishi. La tatu ndilo ninalolitilia mkazo, kwani halisemwi. Kutoka eda si kutoka majonzi. Ukimngoja yeye, basi wiki mbili tatu baada ya kutoka utakuwa umemvika zumaridi mbele ya ukumbi, na ndimi za watu wetu unazijua: ametoka eda jana, leo yuko harusini anapiga makofi. Unaweza kumbebesha zawadi iliyo nzito kuliko kukosekana.

Wengine hugawanya: nikaha Shaabani kwa watu wachache, bwana akapata wa kufuturu naye, kisha kupamba kukafanywa baada ya Idi. Si jambo geni na halina kosa kidini. Gharama zake huwa mara mbili hata ukijitahidi vipi, na bibi harusi aliyekwishakaa na mumewe mwezi mzima, akampikia na uji wa futari, hupandishwa kitini akiwa na uvivu kidogo wa jambo lenyewe. Wewe huenda usiuone. Lakini pia tatizo la tatu nililolitaja linabaki pale pale.

Au uendelee na watatu. Ukifanya hivyo, nakusihi usimtafutie ishara ya kumkumbuka mbele ya watu, kama kiti kitupu au kutajwa kwenye kipaza sauti. Atasimuliwa kesho yake asubuhi, na atakuwa ameombolezwa kana kwamba naye kafa. Kama ni kumweka ndani ya furaha yako, nenda kwake siku moja kabla hujapakwa hina, bila udi wala asumini, mkae kama mlivyokaa siku zote, na umuulize yeye anataka nini. Usimuulize kama ana neno, hilo ameshalijibu. Muulize kama angependa kuona kitambaa au asikione. Kama angependa umpigie simu ukitoka ukumbini au umwache alale. Kuhusu mipaka ya eda yenyewe, nini kinamfaa na nini hakimfai, mwenye kujibu ni sheikh wenu, si mimi.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Shoga yako wa Likoni alinyamaza, kisha akasema mradi wewe umefurahi. Umemwandika kwa sentensi moja ukaendelea na safari. Mimi sauti yake naisikia kuliko zote. Umesema kila mmoja atajishonea mtindo aupendao, na kwa maneno hayo umeonyesha ukarimu, lakini pia umesema bila kusema kwamba kila mmoja atajinunulia. Mita nne za kitambaa kizuri, fundi, ushungi wa kulingana, viatu, na kurudi Likoni usiku kwa feri na tuktuk. Kwa mwalimu mwenye mshahara huenda si kitu. Kwake yeye sijui, na nadhani nawe hujui. Mko chama kimoja, ana deni lako la mapenzi na wewe una lake, kwa hiyo hawezi kukukatalia usoni. Wanawake wa umri wetu tumekataa mambo mengi maishani, ila kumwambia shoga "sina pesa ya sare yako" hutushinda.

Na kama si pesa, huenda ni magoti. Huenda ni mumewe asiyependa. Huenda ni haya tu ya kupita katikati ya ukumbi na mwili wa miaka hamsini na kitu huku watu wakimtazama kutoka miguuni hadi kichwani. Wewe ndiye utakayetazamwa kwa mapenzi. Wapambe hutazamwa kwa kupimwa.

Ukigundua ni pesa, unaweza kununua kitambaa wewe kwa wote. Mnunulie yeye peke yake na wenzake wakajua, utakuwa umemwaibisha. Au mwache kitambaa, mvae leso za aina moja juu ya nguo ambazo kila mmoja anazo tayari. Doti za leso sawa ni sare kamili Mombasa, na hakuna wa kuuliza zimetoka wapi. Najua si zumaridi uliyoiona akilini. Ukigundua ni magoti au haya, wanaweza kuwa wamekaa jukwaani wakikungoja, viti viwili kila upande, wewe ukaja kwao. Hapo utakosa ile picha ya kuingia pamoja, na ni haki yako kusema kuwa picha hiyo unaitaka.

Ndipo ninapofika kwenye jambo linalonigusa katika barua yako. Mara ya kwanza ulisikia vigelegele bila kuona nani anacheza, na hao waliokupenda walikuwa mlango wa jikoni. Sijui kama unachokitaka sasa ni wapambe, au ni kuinua macho na kuwakuta hao wanawake karibu nawe. Yanafanana, lakini si jambo moja, na yanagharimu tofauti. Ukitaka la kwanza, unahitaji safu, kitambaa, mazoezi na watu wanne wenye miguu mizima. La pili linaweza kutimia hata mkiwa watano chumbani kwako alasiri, mmoja akikusuka, mwengine akikuchomea udi, kabla gari halijafika. Unaweza kuyataka yote mawili, na siyo lazima uombe radhi kwa hilo.

Kuna watu wengine watakaokuwa ukumbini ambao hawamo katika barua yako: wanawake wa upande wa bwana. Umesema ana watoto wakubwa. Kama kuna mabinti kati yao, watakuwa wanamtazama mwanamke anayeingia mahali pa mama yao, na shangwe itakavyokuwa kubwa ndivyo baadhi yao watakavyokaza nyuso. Sisemi upunguze shangwe. Nasema bwana amjulishe kila mmoja mapema, wasije wakayakuta mambo mlangoni. Na yeye mwenyewe, umemwambia kuhusu wapambe? Hukuandika alisema nini.

Mambo haya si lazima uyamalize kwa mpigo, lakini yana mpango. Binti yako anahitaji muda, kwa hiyo anza naye mapema na usitarajie jibu siku hiyo hiyo. Kwa shoga yako aliyefiwa nenda ana kwa ana, si kwa simu. Kaka anaweza kungoja mpaka ujue gharama. Yule wa Likoni mfuate kwake, wewe uvuke feri, usimwite Tudor, wala usiende na mwalimu wala na yule mwenye wajukuu. Wakati huo huo mwombe mwenye duka wa Biashara Street akuwekee jora hilo kwa arubuni kidogo, na umwambie wazi kuwa hujajua bado utakata mita ngapi.